Mwongozo kwa Kijana Anayekwenda Lupa Kutajirika

Mwongozo huu umechelewa kidogo, miaka tisini hivi, lakini wema hauozi. Umeandikwa kwa ajili yako wewe kijana unayeondoka Tukuyu alfajiri moja ya mwaka 1936, blanketi begani na kibuyu cha maji mkononi, kwenda Lupa kwenye dhahabu. Umesikia kwamba kule, kaskazini mwa Mbeya, dhahabu inaokotwa mtoni kama kokoto. Ni kweli. Iliokotwa hivyo tangu mwaka 1922, na walioiokota walishaondoka nayo. Usivunjike moyo kwa jambo dogo kama hilo. Fuata maelekezo haya moja baada ya jingine, na ukikosea, utakuwa umekosea pale pale walipokosea wenzako.

Kwanza, uwe na sababu. Lupa haiendewi kwa matembezi. Serikali inataka kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na haipokei ndizi. Baba mkwe anataka ng'ombe, na hapokei ahadi. Njia ya Lupa inapita katikati ya hao wawili. Ukikutana na msomi njiani akakuuliza mbona watu wamekuwa wengi hivi, mwambie kwamba Uingereza iliacha kiwango cha dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Kwa hiyo kila Mzungu aliyeshindwa na kahawa au mkonge sasa ameshika sululu. Ukisema hivyo utakuwa umekosea kidogo tu: sululu utaishika wewe. Na usije ukafikiri kwamba bei ya wakia ikipanda, ya mshika sululu inapanda nayo.

Safiri mwepesi. Pitia Mbeya, mji uliopandwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu hiyohiyo. Nunua chumvi kama unazo senti, kama huna tazama madirisha. Kisha panda milima iliyo juu ya mji, ambako baridi itakufanya umkumbuke mama yako, halafu teremka kwenye pori la miombo, ambako joto litakusahaulisha. Usije na ng'ombe. Pori la Lupa lina mbung'o, na mbung'o hawana subira na ng'ombe. Hili lifikirie ukiwa unatembea, siku unazo za kutosha: unakwenda kumtafuta ng'ombe mahali ambapo ng'ombe hawezi kuishi. Wakubwa wamelitafakari jambo hilo na hawakuliona lina kasoro.

Sasa chagua bwana. Wapo wa aina mbili. Wapo wa kampuni, wenye mashine, daftari na mfuko wa fedha. Na wapo wachimbaji wa kujitegemea, wenye hema moja, mbwa mmoja, na kofia iliyokuwa nzuri. Utaangukia kwa hao wa pili, maana ndio wengi na ndio wasiouliza umetoka wapi. Ukitaka kujua hali ya bwana usimtazame yeye, mtazame mbwa. Mbwa akiwa mnene, mshahara upo. Mbavu zikianza kuhesabika, anza kuhesabu na wewe. Bwana huyu anakula kwa mkopo wa Mhindi mwenye duka, Mhindi naye anadaiwa na tajiri wake wa mjini, wewe unamdai bwana, na wote mmening'inia kwenye kilima cha changarawe ambacho hakuna aliyeona ndani yake. Siku utakayosikia anafunga masanduku usiku bila kuwasha taa, usimsumbue. Mwenzako aliyetangulia alimsumbua bwana wake, akaelezwa kwa upole kwamba mshahara utatumwa kwa posta.

Utapewa kipande. Kitunze kuliko blanketi. Ni kadi yenye nafasi ya siku 30 za kazi, na kila siku uliyofanya inatiwa alama. Siku ya mvua haitiwi alama. Siku ya homa vilevile. Siku ambayo nyapara ameamka vibaya itategemea utamwamkia namna gani, kwa hiyo mwamkie mapema, mwite mzee hata kama mna umri mmoja, na umuulize hali ya watoto wake hata kama hana. Mwezi wa kipande una siku 30, lakini siku 30 za kipande hazijawahi kuenea ndani ya mwezi mmoja wa kalenda. Ukijaribu kulieleza hilo kwa hesabu ya vidole, utapoteza na siku hiyo.

Usiulize ardhi ni ya nani. Bwana amesimika vigingi vinne vya mbao kwenye pembe nne na anayo karatasi. Wakimbu na Wabungu waliokuwapo kabla ya vigingi wana makaburi, mashamba ya ulezi na miti ya matambiko, lakini vitu hivyo havina pembe nne. Mzee wa kienyeji akija akasimama pembeni bila kusema neno, msalimie kwa heshima, kisha endelea kuchimba taratibu mpaka aondoke. Atarudi kesho. Ataendelea kurudi mpaka wewe ndiye uondoke.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga si mzito hata mara tatu. Basi ukivitikisa pamoja ndani ya maji, mchanga unakwenda na dhahabu inabaki. Chota changarawe kwenye karai, tia maji, zungusha kama mama anavyopeta mchele kwenye ungo, mwaga kidogokidogo. Mwisho utabaki na mchanga mweusi, na pembeni yake, Mungu akipenda, mkia mwembamba wa manjano kama unyoya wa kifaranga. Rudia. Rudia mpaka mgongo usahau kwamba uliwahi kunyooka. Shida ni moja: maji. Masika yapo mengi mno, shimo linakuwa kisima na mtu haoni anachochimba. Kiangazi mito ile inayokwenda Rukwa inabaki alama ya mto, na dhahabu haiosheki. Hapo italetwa mashine ya kupepetea kwa upepo: mchanga mkavu unarushwa, vumbi linaruka, kizito kinabaki. Kaa upande upepo unakotoka. Nafasi hiyo, hata hivyo, ameshakaa nyapara.

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo wageni wote wanaivunja, nami nitaieleza polepole. Dhahabu unaichimba wewe. Unaiosha wewe. Wewe ndiye unayeiona kwanza, kabla ya nyapara, kabla ya bwana, kabla ya benki, kabla ya Mfalme wa Uingereza. Lakini sheria inasema asiye na leseni asionekane na dhahabu ghafi, na wewe huna leseni. Kwa hiyo shughuli yako, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, ni kukitafuta kwa nguvu zako zote kitu ambacho ukikutwa nacho utafungwa. Soma tena sentensi hiyo. Imekaa sawa, hakimu ameikagua. Ndiyo maana ukiona kipande kinang'aa kwenye karai usikishike, usikitazame sana, na usiache kukitazama ghafla. Ita. Sema, "Bwana, njoo uone," kwa sauti ya mtu aliyeona mende. Usiweke kidole mdomoni. Usijikune kichwani, hasa kama nywele zako ni nyingi. Usiiname kufunga kamba ya kiatu; wanajua huna kiatu. Jioni nyapara atakupapasa, na ni ustaarabu kumshukuru.

Mwishoni mwa miaka hii ya 1930 dhahabu itakuwa bidhaa ya pili baada ya mkonge katika mauzo ya Tanganyika nje ya nchi, nayo itakuwa imepita viganjani mwa watu kama wewe bila kuacha alama, isipokuwa malengelenge. Lisikuumize. Wajerumani nao, vita vilipowabana mwaka 1916, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba wakafua Tabora sarafu za rupia 15. Upande mmoja walichora tai, upande wa pili tembo. Mchimbaji hakutosha kwenye sarafu, ingawa tembo alitosha.

Kuhusu zebaki, tazama tu wenzako wanavyofanya kisha ufanye hivyohivyo, ndivyo kila mtu alivyojifunza. Vumbi la dhahabu linachanganywa na zebaki, linakamuliwa kwenye kitambaa, donge linalobaki linawekwa motoni. Moshi unapanda, dhahabu inabaki. Ni hatari kuusogelea moshi ule, lakini ukikaa mbali huioni dhahabu, kwa hiyo utawakuta wote wameinama juu yake kama watu wanaosubiri mboga iive. Mara nyingi ni chombo kilekile cha mboga. Baada ya miaka michache mikono yako itaanza kutetemeka, na watu watasema ni pombe. Usibishane nao, pombe nayo itakuwepo.

Jifunze kuongea. Hili halifundishwi na mtu, na anayelikosea anapata taabu kuliko mwizi. Lupa hakuna anayemuuliza mwenzake kama amepata. Neno "kupata" lina adabu ya chooni. Uliza hivi: "Kazi inasemaje, ndugu?" Naye atajibu, "Tunasogeza siku." Aliyekosa kwa miezi minne anajibu hivyo. Aliyepata jana naye anajibu hivyohivyo, kwa sauti ileile, akitazama upande uleule. Ukimsikia mtu analalamika kupita kiasi kwamba mkondo wake ni mkavu kabisa, hata kunguru hawanywi hapo, usimpe pole. Kahamie karibu yake usiku huohuo. Bahati mbaya na wengine wote wameusoma mwongozo huu, ndiyo maana maskini wa kweli wa Lupa hulazimika kuchekacheka mchana kutwa ili wasivamiwe. Wewe ukicheka utahesabiwa maskini, ukilia utavamiwa. Uso wa katikati unachukua kama miaka mitatu kuupata. Na kwa vyovyote usinunue nyama mara mbili ndani ya wiki moja.

Dhahabu ikikoma, usiseme imekwisha. Sema imehama. Dhahabu ina wenyewe, na wenyewe wakikasirika wanaihamisha. Utapelekwa kwa mganga, naye atataka kuku mweusi, na kwa kuwa pori lile halina kuku wa kutosha hata wa rangi nyingine, mwenye kuku mweusi ni shemeji yake mganga. Mganga wa machimboni hajawahi kukosea. Ukipata, ni dawa. Ukikosa, umevunja mwiko, na miko ni mingi kiasi kwamba umeshavunja miwili ukiwa njiani kwenda kumweleza. Usimcheke bwana wako kwa kujiona mjuzi wa mambo hayo. Yeye pia anaye mganga wake, amevaa kaptula, anagongagonga mawe kwa nyundo ndogo na kuandika kwenye daftari. Mwamba mweupe wenye dhahabu ukikoma ghafla, huyo naye hasemi amekosea. Anasema mshipa umekatika, tuufuate upande wa pili wa mlima. Ada yake haipungui kuku mia. Mkienda upande wa pili wa mlima, beba maji.

Jumamosi utapata kiu. Nenda kwa mama mwenye pombe ya ulezi, yule mwenye kibanda kilichosimama wima kuliko vyote. Mwite mama, mpe mkono kwa kuinama kidogo, kaa pale atakapokuonyesha. Mama huyu hajawahi kuingia shimoni wala kushika karai, na ndiye mchimbaji aliyefanikiwa kuliko wote katika bonde zima. Ana mtungi mmoja, watoto wawili wa kuchota maji, na mistari ya mkaa ukutani. Mistari hiyo ni wewe. Usijaribu kuifuta ukipita kwa kuegemea ukuta kana kwamba umelewa. Amelifikiria hilo, mistari ya kweli iko ndani, juu ya kitanda chake. Akikwambia kwa upole, "Mwanangu, leo kunywa ya bure," jua amesikia kwamba bwana wako anafunga masanduku.

Kuugua utaugua, kwa hiyo ugua kwa mpango. Homa ya Lupa huja jioni kwa baridi, usiku kwa moto, asubuhi kwa jasho, na mchana inakupumzisha ili nyapara akuone mzima. Dawa ni kwinini. Ni chungu, inalia masikioni kama nyenje, na ipo kwenye kisanduku cha bwana. Bwana akitetemeka, anaumwa malaria, anafunikwa mablanketi matatu na kazi inasimama. Wewe ukitetemeka, una uvivu, na dawa ya uvivu inajulikana. Wapo Wazungu wanaokunywa kwinini leo na kuisahau wiki nzima, kisha wanaimeza nyingi kwa mkupuo. Baadhi yao mkojo hugeuka mweusi kama kahawa, na wiki haiishi wakiwa hai. Utatumwa kuchonga ubao. Chonga vizuri, andika jina kama ulivyoandikiwa kwenye karatasi, na ukiona herufi imegeuka usijali, atakayeisoma yuko mbali.

Shimo nalo lina adabu zake. Likipita kimo cha mtu, weka matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta. Kila mtu anajua hivyo. Kila mtu anajua pia kwamba kukata magogo ni siku nzima, kwamba siku ya kukata magogo si siku ya dhahabu, na kwamba shimo la jirani halina matimba na mbona halijaanguka. Udongo ukianza kudondoka punje mojamoja kwenye shingo, toka. Nyapara atasema, "Ndoo tano tu, tumalize." Ukihesabu vizuri utagundua kwamba kila aliyewahi kufukiwa alikuwa kwenye ndoo ya tatu au ya nne, maana ya tano ndiyo ya kutoka. Kwenye mwamba mgumu hali ni nzuri zaidi: haukufukii, unakupa vumbi lake kidogokidogo, nalo halina haraka. Utarudi nalo nyumbani kifuani, na ndilo pekee la Lupa ambalo nyapara hawezi kulipapasa.

Kurudi nyumbani kuna kipengele kifupi, kwa sababu wachache wanakifikia. Rudi na blanketi jipya, na ukiweza na shati. Usirudi usiku, watasema umekimbia. Usirudi mchana kweupe, watakuja kukopa. Wapo waliorudi kwenu Rungwe na fedha za ng'ombe kweli, na kwa sababu yao wewe uko njiani sasa hivi. Ukiamua kubaki, subira ipo: mwaka 1939 mgodi wa Saza utaanza, wenye mashine na ngurumo za usiku kucha, na katikati ya miaka ya 1950 utafungwa, na watu watabaki. Wajukuu zako watakuwepo hapohapo Lupa, wilayani Chunya, wakichimba palepale, shimo wakiliita duara, wakilisaga upya na kulichenjua kwa sianidi lile rundo la marudio ambalo wewe uliambiwa ni taka. Mwaka 2019 watajengewa hata soko la kuuzia, lenye mizani na risiti. Ukiwaona ukiwa huko uliko, usiwaambie lolote kuhusu matimba. Wanajua.

Limebaki suala la kufa. Ukifa siku ya kazi, kipande chako kitahesabiwa hadi jana yake, kwa hiyo kama una uwezo wa kuchagua, ngoja jua lizame. Madeni yako kwa mama hayafi. Ndugu yako wa kijiji kimoja atayarithi pamoja na blanketi, na akiwa mjanja atakana undugu mpaka blanketi ligawanywe na wengine. Mzungu atapata ubao, pengine na mawe yaliyopangwa. Wewe utapata kilima cha udongo, na mvua mbili baadaye utapata tambarare. Wenzako watasimama, mmoja ataimba wimbo wa kwenu kwa lugha ambayo nusu ya waliopo hawaijui, watanyamaza pale inapobidi.

Lakini waagize mapema, ungali na sauti, kwamba wakuzike kwenye udongo mwekundu mtupu, mbali na mkondo, mahali pasipo na hata kipande cha lile jiwe jeupe. Wasipolizingatia hilo, sululu itagonga kitu kigumu kabla kaburi halijafika kiunoni, aliye ndani atainama, atapuliza vumbi, atanyamaza. Waliokuwa wakiimba nao watanyamaza, wasogee. Hapo wewe utahamishiwa kivulini, kwa heshima zote, na mtu mmoja ataachwa akufukuzie nzi. Haitachukua muda. Ni mpaka mmoja aende kuchukua karai.